Chungu cha Zeno, Mtungi wa Bibi

Sumbawanga,
9 Julai 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii itakufikia ikinuka samaki. Nimempa Mzee Baltazari, mjomba wake Jane, yule rafiki yangu wa Kasanga ambaye kitanda chake kiko juu ya changu bwenini. Mzee Baltazari anaendesha lori la migebuka, na nilipomuuliza kama anamfahamu Evaristi wa Pito, mfanyabiashara wa maharage, alivua kofia, akaivaa tena, akasema, "Namfahamu. Lete barua."

Naandika kwa sababu simu yako haipatikani toka ulipoteremka Kasanga kuvusha maharage ziwani. Bibi alijaribu mara nne kwa simu ya Katekista Alois nilipokuwa bado likizo, mpaka katekista akaanza kutuona barabarani na kukata kona.

Sasa tuko kidato cha nne na bweni letu liko karibu na maktaba. Sista Lucia anayetufundisha Historia ananiachia ufunguo kila Jumamosi nifute vumbi kwenye vitabu. Humo nimekutana na mtu ninayetaka kukujulisha. Anaitwa Zeno. Ni mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, yaani alikuwa mtu ambaye kazi yake ni kufikiri mwanadamu aishi vipi, kisha kuwafundisha wengine. Alizaliwa katika kisiwa cha Kipro, kilekile alichopita Mtume Paulo, lakini Zeno aliishi miaka mia tatu hivi kabla ya Paulo.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Alisafiri mara nyingi kwenda Athene, na kila akirudi alimletea mwanawe vitabu. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu nikacheka peke yangu. Unakumbuka kile kitabu cha hadithi ulichoniletea nikiwa darasa la tatu, mwaka mmoja baada ya mama kufariki? Kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa dagaa, na kurasa nne za mwanzo hazikuwepo. Ulisema hizo nne tutazitunga wenyewe. Tulizitunga shambani, kwenye safu ya juu, wewe ukifukia nyasi kwenye matuta na mimi nimekaa na kibuyu cha uji. Kila siku ulimfanya shujaa aanze safari kwa namna nyingine.

Bibi ameniagiza nikuulize jambo moja. Mtungi wa mbegu ya ulezi, ule ulioko darini jikoni, umekuwa mwepesi. Anauliza kama uliihamisha mbegu mahali ambapo panya hawafiki.

Utarudi lini?

Mwanao,
Jovina


Kasanga,
18 Julai 2023

Mama yangu Jovina,

Marahaba. Barua yako inanuka samaki kweli, lakini nimeisoma mara tatu.

Mimi ni mzima. Simu iliingia maji kidogo ikafa, usiwe na wasiwasi. Maharage yapo, wanunuzi wa ng'ambo wanazungushazungusha, unajua watu wa Zambia wakiona bei hujifanya hawasikii Kiswahili. Jua la huku ni kali. Nimekuwa mweusi kama sufuria ya shuleni kwenu.

Kile kitabu nakikumbuka. Shujaa wako wewe kila siku ulitaka aanze safari akiwa ameshiba.

Huyo Zeno naye aliuza nini? Mtu ambaye baba yake ni mfanyabiashara hawezi kuwa alikaa tu anafikiri. Niandikie.

Mwambie bibi yako nitarudi karibuni. Soma kwa bidii.

Baba yako,
Evaristi


Sumbawanga,
30 Julai 2023

Bibi yangu Dominika,

Shikamoo. Katekista Alois, shikamoo na wewe. Ninakuomba umsomee bibi barua hii mkiwa wawili tu, msiisomee kwenye benchi la nje ya kanisa.

Bibi, baba ni mzima. Nimeanza na hilo ili usishike kifua. Jane amerudi shuleni jana, alichelewa kwa sababu ya malaria. Alikuwa ananikwepa toka alipofika, mpaka jioni akaja akalia. Anasema boti la mizigo alilopanda baba lilizama mwezi wa sita, kabla halijafika Zambia. Upepo wa kusini uliliinamisha, maji yakaingia. Wavuvi waliwaokoa watu wote. Mizigo yote ilikwenda chini.

Baba yuko Kasanga. Anawaanikia kina mama dagaa mchangani, na analala kwenye ghala la nyavu. Jane alimwamkia, naye akamsihi asiniambie. Mimi ameniandikia kwamba maharage yapo.

Nakuomba usimtumie ujumbe wowote kwamba tunajua. Nataka aseme mwenyewe. Habari ya mtungi hakuijibu hata neno moja, na nadhani wewe umeshaelewa kwa nini.

Mjukuu wako,
Jovina


Sumbawanga,
30 Julai 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kujua kwamba u mzima. Nimefurahi kuliko barua inavyoweza kubeba.

Umeuliza Zeno aliuza nini. Aliuza rangi ya zambarau. Ilitengenezwa kwa konokono wa baharini, na ilihitaji konokono maelfu kupata rangi ya joho moja, kwa hiyo walioivaa walikuwa wafalme na matajiri. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Alipakia rangi yake yote melini, akaaga nyumbani, akashika njia ya Athene, kulekule baba yake alikokuwa akinunua vitabu.

Nilipofika hapo kengele ya sala ikalia, nikakifunga kitabu. Ukinijibu nitaendelea.

Bibi hajambo. Anasema matuta yako yamekaa vizuri na nyasi ulizofukia Februari zinaendelea kuoza. Kunguru wanayapenda.

Mwanao,
Jovina


Kasanga,
13 Agosti 2023

Jovina,

Hili unanifanyia makusudi. Mtu gani anaacha meli katikati ya bahari kwa sababu ya kengele?

Barua yako niliwasomea kina mama wanaoanika dagaa, wako jirani na hapa ninapofikia. Kuna mmoja anaitwa Marsiana, mjane, ana mdomo kama wembe. Amesema, "Mwanao huyo anajua biashara kukushinda. Kakuonjesha kijiko kimoja, kaondoa sufuria." Wakacheka wote. Sasa kila lori la Mzee Baltazari likija wananiuliza kama Mgiriki amefika.

Mimi nimewaambia atakavyofanya. Meli itafika, atauza zambarau yake, halafu atarudi kwao na zawadi za nyumba zote, watoto wampokee njiani. Mfanyabiashara harudi namna nyingine.

Nimebanwa kidogo na kazi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Hapa dagaa wasipogeuzwa mapema wanaoza. Namaanisha wa hao kina mama.

Baba yako,
Evaristi


Sumbawanga,
27 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Waambie kina mama kwamba haikuwa hivyo. Meli ilizama.

Ilizama karibu kabisa na bandari ya Athene. Zambarau yote iliyeyuka baharini. Zeno alitoka majini akiwa na nguo aliyovaa. Akapanda mjini, na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuuza wala pa kwenda, akakaa kwenye duka la vitabu. Mwenye duka alikuwa akisoma kwa sauti habari za Sokrate, mtu mwenye hekima aliyekuwa ameshakufa. Zeno akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Watu wa namna hii wanapatikana wapi?" Wakati huo alikuwa akipita barabarani mzee mmoja mwenye kibiongo, maskini, anaitwa Krate. Mwenye duka akamnyooshea kidole: "Mfuate yule." Zeno akamfuata.

Baadaye, alipokuwa mwalimu anayejulikana mji mzima, alikuwa akisema kwamba safari yake njema kuliko zote ni ile iliyozama. Hakuwa na shule, Baba. Alifundishia kwenye baraza moja lenye picha za rangi ukutani, yeyote aliyepita akasikiliza. Alipenda kusema tumepewa masikio mawili na mdomo mmoja ili tusikie zaidi ya tunavyosema. Nilikumbuka baraza letu wakati wa mvua, wewe ukinisikiliza nikisoma na bibi akisinzia na kudai kwamba hasinzii.

Sista Lucia alituuliza swali darasani: meli ilipozama, nani alipoteza zaidi? Wengi walisema Zeno. Mmoja akasema mwenye meli. Mimi nilisema ni yule aliyebaki Kipro akisubiri. Zeno alijua kilichozama ni nini. Yule wa Kipro hakujua, kwa hiyo kila siku alikuwa akizamisha kitu kikubwa zaidi moyoni mwake.

Kitabu hakisemi kama Zeno alimwandikia baba yake. Nimekiangalia mara mbili.

Mwanao,
Jovina


Kasanga,
24 Septemba 2023

Mwanangu Jovina,

Karibu wiki nne nimebeba barua yako mfukoni. Imechakaa kwenye mikunjo. Leo nimetoka misani, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na nakuandikia kama Zeno alivyopaswa kuandika.

Boti letu lilizama. Tarehe ishirini na moja Juni. Magunia kumi na nane ya maharage na mawili ya ulezi. Lilianza kulala upande mmoja taratibu, kama ng'ombe anayechoka, halafu mara moja likaisha. Nilishika dumu tupu mpaka wavuvi walipokuja. Wakati huo sikuwaza maharage. Niliwaza kwamba sijui kama utakumbuka kuweka sweta jipya kwenye sanduku la shule.

Simu iko chini ya ziwa. Niliposema iliingia maji sikudanganya sana.

Lakini maharage si neno, Jovina. Maharage ni kazi ya msimu mmoja. Lililonifunga huku ni jingine. Gunia la pili la ulezi lilikuwa halijajaa. Alfajiri ile, bibi yako akiwa zizini, nilipanda darini nikaumimina mtungi wake juu ya lile gunia ili lifungwe likiwa na sura nzuri. Nilijiambia mbegu ni mbegu, nitamnunulia nyingine ng'ambo. Unaujua ulezi ule, mwekundu uliokoza, unaowahi kukomaa kabla baridi haijashuka. Mama yake alimfungia bibi yako kwenye pindo la kanga siku alipoolewa. Umekaa kwetu miaka hamsini na mitano. Mimi nimeutumia kujazia gunia.

Ziwa lilinitoa mimi, ulezi halikuutoa.

Sasa unaniuliza nitarudi lini. Pito unaijua. Mtu akitoka ziwani watoto humkimbilia njia panda wakitazama mkononi mwake, samaki wa nyumba hii, samaki wa nyumba ile. Hata mlevi hurudi na migebuka miwili kwenye kamba. Mimi niwaonyeshe nini, viganja? Na nikishapita kwa watoto kuna jiko la mama yangu, na mtungi.

Bibi yako usimwambie. Nitatafuta namna.

Nilidhani ninakulinda. Kumbe nilikuacha Kipro. Nisamehe.

Baba yako,
Evaristi


Pito,
15 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumepewa ruhusa ya siku mbili kuchukua mahitaji ya mwisho kabla ya mtihani, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nyumbani, kwenye kile kigoda chako kinachocheza.

Ninakuomba msamaha na mimi. Nilijua habari ya boti toka mwezi wa saba. Jane aliniambia kwa machozi, usimlaumu. Bibi nilimwambia siku hiyohiyo. Tulikuwa tunakusubiri useme. Sasa bibi anataka kusema yeye, na ameniamuru niandike kila neno bila kulipamba.

"Andika: Evaristi, mimi ni mama yako, si paroko. Usiniungamie kwa kupitia mtoto.

"Andika: mtungi niliunyanyua siku ileile ulipoondoka. Panya gani huyo anakula mbegu yote halafu anarudisha kifuniko? Nilikaa kimya ili nione ni nani ataanza kusema. Nimekaa kimya mpaka kinywa kimeota ukungu.

"Andika: unalia kwamba mbegu ya mama yangu iko ziwani. Wewe ulidhani mbegu inaishi mtungini? Mtungini inalala tu. Stefania anayo, nilimpa mwaka aliojifungua mapacha. Mke wa Yohanes anayo. Ipo nyumba nyingi hapa Pito, na kuna binti wa hapa aliolewa Milepa akateremka nayo bondeni. Mbegu hukopeshwi, unapewa. Lakini ya aliyekupa ikipotea, unamrudishia. Tulifanya hivyo kabla hujajua kutembea.

"Usicheke wewe, andika! Ila mbegu haifuatwi na mtu wa kutumwa. Aliyeipoteza ndiye anayebeba mtungi kichwani, nyumba kwa nyumba, na kila mlango anasema kwa mdomo wake: ya kwetu imepotea, nimeipoteza mimi. Asiposema hivyo hapewi, na hata akipewa, ataipoteza tena. Kwa hiyo siendi mimi. Si kwa sababu ya magoti, magoti yangu yanafika. Siendi kwa sababu sikuipoteza mimi.

"Mtungi nimeuweka mlangoni. Kila siku nauruka nikitoka, na siku nitakayoanguka nitasema ni wewe. Matuta yamekomaa, nyasi zimeoza zikawa mbolea. Mvua ikianza yavunjwe, mbegu ya ulezi imwagwe juu yake. Mvua haimsubiri mtu mwenye haya."

Hayo ndiyo maneno yake. Sasa anauliza kama nimeandika lile la ukungu.

Baba, nikuongezee moja la Zeno, nililiweka akiba. Yule mzee Krate aliona mwanafunzi wake ana akili nyingi lakini ana haya mno. Anaogopa kuonekana mnyonge mbele za watu. Siku moja akampa chungu cha mchuzi wa dengu, akamwambia avuke nacho mtaa wa wafinyanzi, penye watu wengi kuliko pote. Zeno akakificha chini ya joho. Krate akakiona, akakipiga kwa fimbo kikapasuka. Dengu zikamchuruzika miguuni, Zeno akatimua mbio. Mzee akamwita kwa nyuma, "Unakimbilia wapi, kijana? Hakuna baya lililokupata."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Alikuwa amelowa mchuzi mbele ya mji mzima, na bado yalikuwa kweli.

Mwanao,
Jovina


Kasanga,
29 Oktoba 2023

Jovina,

Mwanamume na mtungi kichwani, Pito nzima? Hata siku ya harusi ya dada yangu sikubeba. Afadhali huyo Zeno. Yeye dengu zilimmwagikia mahali ambapo hakuna aliyesoma naye shule ya msingi.

Habari ya chungu niliwasomea kina mama. Marsiana alicheka mpaka akakaa juu ya dagaa. Sasa jina langu huku ni Mgiriki. "Mgiriki, geuza dagaa wako! Mgiriki, wewe joho lako liko wapi?" Lakini walipomaliza kucheka yeye akaniuliza taratibu, "Mama yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia sabini na nne. Akaendelea kugeuza dagaa.

Sijasema nitakuja. Sijasema sitakuja. Wewe fanya mtihani wako, usimchanganye Zeno na Hesabu.

Mwambie bibi auondoe mtungi mlangoni, ataanguka kweli.

Baba yako,
Evaristi


Sumbawanga,
10 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mtihani unaanza Jumatatu. Leo mchana mvua ya kwanza imepiga mabati ya bweni kwa nguvu, mpaka Sista Lucia akanyamaza katikati ya sentensi. Wenzangu wamekimbilia kutoa nguo kambani. Mimi nilibaki dirishani, nikasikia harufu ya udongo, nikajua matuta yetu yamelowa.

Bibi nilimpelekea ombi lako. Amejibu kwamba mtungi hauondoki pale na yeye haanguki.

Sitakuuliza tena lini. Nimekuuliza vya kutosha, na masikio ni mawili. Nitamaliza karatasi ya mwisho tarehe thelathini, kisha nitakwenda nyumbani. Nitakayemkuta, nitamwamkia.

Mwanao,
Jovina


Pito,
26 Novemba 2023

Jovina mwanangu,

Tazama tena hapo juu nilipoandika mahali. Sikukosea.

Nilifika Jumanne kwa lori la Mzee Baltazari. Nilimwomba anishushe kabla ya njia panda nipite porini, naye akajifanya breki hazishiki mpaka tulipofika njia panda yenyewe. Watoto wakaja mbio. Wakatazama mikono yangu, wakatazama nyuma yangu, halafu wakatazama uso. Mmoja akauliza, "Samaki wako wapi?" Nikasema, "Wamebaki ziwani, wanakula maharage yangu." Wakacheka, wakaninyang'anya begi, wakagombana nani alibebe. Basi, mwanangu, ikaishia hapo. Miezi mitano nilikuwa naogopa kitu ambacho kilimalizika kabla sijafika kwa katekista.

Bibi yako alikuwa anapepeta. Hakuinuka. Alisema, "Mtungi ule pale. Kula kwanza." Nikala. Aliniongezea mara mbili bila kuniuliza, kama nilipokuwa mdogo nikitoka kuchunga.

Jumatano asubuhi nikauchukua mtungi. Sasa nitakuambia ukweli, kwa sababu tumeshazoea. Nilitupia koti juu yake, nikaukumbatia kifuani, nikazunguka nyuma ya mikaratusi ili watu wa kisimani wasinione. Sikufika mbali. Stefania alikuwa shambani kwake, akapaza sauti: "Evaristi! Umemwiba mtoto wa nani? Mfunue basi apate hewa!" Wote kisimani wakageuka.

Nikamkumbuka yule mzee na fimbo yake. Nikavua koti, nikauweka mtungi kichwani. Nikaenda mpaka mlangoni kwa Stefania, nikasema maneno. Sauti haikutoka vizuri. Akasema, "Sema tena, sikio hili limezeeka." Sikio lake halina ugonjwa wowote, anasikia ungo ukianguka nyumba ya tatu. Nikasema tena: ya kwetu imepotea, nimeipoteza mimi. Akaingia ndani, akatoka na kopo limejaa mpaka linamwagika. Akasema, "Mama yako alinipa pungufu ya hili. Usimwambie."

Nilizunguka nyumba saba. Mke wa Yohanes aliniambia nisimamishe shingo, nimeifanya kama ya kuku anayekunywa maji. Kufikia nyumba ya nne watoto walikuwa wananifuata kwa mstari, na kufikia ya tano sikuwa nasikia tena haya. Nilisikia uzito wa mtungi tu, unaongezeka.

Nyumba ya saba ni ya Mama Vicent, ile ya mwisho karibu na mto. Bibi yako hakuwa ameniambia niende huko, watoto ndio walionipeleka. Nikasema maneno yangu. Akasema, "Mimi mama yako hakunipa kitu. Alinipa mkeo. Alipita hapa akiwa na mimba ya Jovina, mwaka niliohamia sijui mtu. Alifungua pindo la kanga, akasema, panda huu, unawahi baridi."

Nilikaa chini pale kwenye ukuta wake, Jovina. Miaka kumi na saba nimepita mbele ya shamba lile. Nimepita na maharage, na baiskeli, na jeneza la mama yako. Kila mwaka niliona ulezi mwekundu nikasema moyoni, huyu mama analima vizuri. Sikujua ninaitazama kazi ya mkono wa mama yako.

Mtungi ulikuwa umejaa. Kwa hiyo Mama Vicent aliufunga ulezi wa kwake kwenye kitambaa, nikauweka mfukoni. Sikuuchanganya na mwingine.

Nimevunja matuta na kumwaga ulezi toka Alhamisi. Mgongo unauma vizuri. Jioni bibi yako anakuja kusimama pembeni ya shamba na kunikosoa, halafu tunarudi wote kukaa barazani. Anasema hasinzii. Nimebakiza safu ya juu, pale tulipozitunga zile kurasa nne. Hiyo siigusi. Mbegu iliyo kwenye kitambaa ni ya safu ile, na wa kuimwaga ni wewe.

Ningeweza kuja shuleni kukuona, si mbali. Lakini nimesema nisikuvuruge katikati ya mtihani. Barua hii nitaiacha kwa mlinzi wenu, Evans, nami nitamwambia asikupe mpaka umalize karatasi ya mwisho. Nimeogopa ukiisoma kabla utamwandika Zeno kwenye jibu la Kemia.

Ukitoka hapo usipite sokoni. Usimnunulie bibi yako sukari, wala mimi usininunulie chochote. Njoo mikono mitupu, mama. Nitakuwa njia panda pamoja na wale watoto, na mimi nitaitazama.

Baba yako,
Evaristi